Amri Moja, Vivinjari Viwili: Kwa Nini Ukurasa Hukubali Hapa na Kukataa Kule

Penye wengi pana mengi, walisema wazee, na usemi huo wafaa hata kwa mambo ya intaneti. Ukurasa mmoja wa tovuti, ulioandikwa na fundi mmoja, waweza kufanya kazi vizuri katika kompyuta ya ofisini na kugoma katika simu ya nyumbani. Kitufe kinachotii hapa hakisikii kule. Tarehe isomekayo sawasawa kwa mtu mmoja huwa kioja kwa jirani yake. Aghalabu lawama humwangukia aliye karibu: mtoto aliyeshika simu, mke aliyejaza fomu, au karani aliyeketi dirishani. Mara nyingi wote hao hawana hatia, na kwa kuwa siku hizi mambo mengi ya familia hupitia katika kurasa za namna hiyo, yafaa kila nyumba ijue chanzo cha hitilafu hizo na njia ya kuzitatua.

MTOTO WA AGOSTI

Tuchukue mfano. Tuseme kwamba mwaka 2013, katika nyumba za askari, mke wa koplo mmoja alikuwa akijaza fomu ya kadi za matibabu za wategemezi. Mumewe alikuwa kazini mpakani, na ofisi ilikuwa imetangaza kwamba fomu zote zijazwe kwa njia ya tovuti kabla ya Ijumaa. Mama huyo alikuwa na watoto watatu. Wa kwanza alizaliwa mwezi wa 03, wa pili mwezi wa 08, na wa mwisho mwezi wa 11. Aliweka vyeti vya kuzaliwa mezani, akachukua simu yake iliyokwisha kutumika miaka kadhaa, akaandika kwa uangalifu. Mtoto wa kwanza alikubaliwa. Wa mwisho alikubaliwa. Wa pili alikataliwa, na maandishi mekundu yakasema kwamba mwezi aliozaliwa si sahihi.

Mama alirudia mara ya pili na ya tatu. Jibu lilikuwa lile lile. Binti yake wa kwanza, aliyekuwa amechoka kusubiri, akamwambia, "Mama, andika mwezi wa saba. Simu itakubali nasi tutalala."

"Hapana, mwanangu," mama akajibu. "Mdogo wako alizaliwa Agosti. Nikiandika Julai leo, nitawaeleza nini watu wa hospitali siku cheti kitakaposema hivi na kadi kusema vile?"

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo lenyewe. Hitilafu ndogo ya ukurasa yaweza kumsukuma mtu mwaminifu kuandika uongo ili mashine imridhie. Tarehe ya uongo ikiisha kuingia katika kumbukumbu za serikali, kuitoa ni kazi ya miezi, na atakayesumbuka ni mtoto.

Asubuhi mama alikwenda ofisini. Karani akaandika habari zile zile katika kompyuta yake mpya, na mtoto wa Agosti akakubaliwa mara moja.

"Fomu haina shida, mama," karani alisema kwa upole. "Huenda jana ulikosea kuandika."

"Bwana karani, tafadhali tazama," mama akasema. Akatoa simu yake, akaandika mbele ya karani tarakimu moja baada ya nyingine. Simu ikakataa.

Karani akaitazama simu, kisha akaitazama kompyuta yake. Tarehe ilikuwa moja, ukurasa ulikuwa mmoja, na majibu yalikuwa mawili.

WARAKA MMOJA, WASOMAJI WENGI

Ili kulielewa jambo hili, ni lazima kwanza kujua kilichomo ndani ya ukurasa wa tovuti. Ukurasa hauna maandishi na picha tu. Ndani yake mna maagizo yaitwayo skripti, yaliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript. Maagizo hayo ndiyo yakaguayo fomu, yafunguayo orodha, yajumlishayo hesabu na yaonyeshayo saa. Programu inayoupokea ukurasa na kuyatekeleza maagizo hayo huitwa kivinjari. Chrome, Safari, Firefox, Edge na Opera ni vivinjari.

Fundi wa tovuti haitekelezi skripti mwenyewe. Yeye hutuma waraka wa maagizo, na kila kivinjari huusoma na kuutekeleza kwa akili yake. Ni kama makao makuu yatumapo waraka mmoja kwa vituo ishirini. Waraka ukisema kwamba walinzi wabadilishwe saa mbili, kituo kimoja chaweza kuelewa saa mbili asubuhi, na kingine saa mbili usiku. Hakuna mkuu wa kituo aliyeasi. Waraka ndio ulioacha mwanya, na kila mmoja akauziba kwa kadiri alivyoona inafaa.

Hivyo basi, skripti ikitenda tofauti katika vivinjari viwili, sababu huwa moja kati ya hizi: kanuni za lugha zimeacha jambo bila kuliamua, au kivinjari kimoja ni cha zamani na hakijui kanuni mpya, au kivinjari kina kosa lake chenyewe, au fundi ametegemea jambo lisilo la kanuni kwa kuwa tu lilifanya kazi mezani pake.

ASILI YA MGAWANYIKO

Mgawanyiko huu ulianza pamoja na lugha yenyewe. JavaScript ilitungwa mwezi wa Mei mwaka 1995 na Brendan Eich, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya Netscape ya Marekani, kwa muda wa siku zipatazo 10 tu. Mwezi wa Agosti mwaka 1996 kampuni ya Microsoft ilitoa Internet Explorer 3, ikiwa na lugha yake iliyoitwa JScript, iliyoigwa kutokana na ile ya Netscape. Zilifanana kama ndugu wawili, lakini hazikuwa kitu kimoja.

Shirika la viwango liitwalo Ecma, lenye makao yake Geneva, Uswisi, lilitoa chapa ya kwanza ya kanuni za lugha hiyo mwezi wa Juni mwaka 1997. Ilikuwa hatua njema, lakini kurasa nyingi zilikwisha kuandikwa, na tena kanuni hizo zilihusu lugha yenyewe tu. Hazikusema namna skripti itakavyoshughulika na vitu vilivyomo ndani ya ukurasa.

Mfano mmoja watosha. Mtu akibonyeza kitufe kilichomo ndani ya kisanduku, na kisanduku kimo ndani ya ukurasa, ni nani apewe habari kwanza? Netscape ilipeleka habari kutoka juu kushuka chini: ukurasa kwanza, kisha kisanduku, mwisho kitufe. Internet Explorer ilipeleka kutoka chini kupanda juu, kama taarifa iendavyo kutoka kwa askari hadi kwa kamanda wake. Mwezi wa Novemba mwaka 2000, baraza la viwango vya tovuti liitwalo W3C lilizikubali njia zote mbili: habari ishuke kwanza, kisha ipande. Hata hivyo Internet Explorer haikuifuata kanuni hiyo mpaka toleo la 9, lililotolewa mwaka 2011.

Kwa muda wa zaidi ya miaka 10, basi, mafundi waliandika agizo lile lile mara mbili, moja kwa kila upande. Mwaka 2006 kijana wa Kimarekani aitwaye John Resig alitoa mkusanyo wa skripti uitwao jQuery. Fundi aliandika agizo mara moja, na mkusanyo huo ukalitafsiri kwa kila kivinjari. Ulienea upesi mno, kwa kuwa uliwapunguzia wengi usiku wa kukesha.

MWAKA WA 19100

Tofauti nyingine zilikaa kimya kwa miaka, zikingoja siku yao. Katika JavaScript palikuwa na agizo liitwalo getYear, la kuuliza huu ni mwaka gani. Katika miaka ya 1990 lilijibu kwa tarakimu mbili: mwaka 1998 lilijibu 98. Mafundi wakazoea kutanguliza 19 mbele ya jibu, na ukurasa ukaonyesha 1998.

Tarehe 1 Januari mwaka 2000 mazoea hayo yaliumbuka. Netscape ilihesabu miaka iliyopita tangu 1900, ikajibu 100. Internet Explorer ilijibu 2000. Kila jibu lilipotanguliziwa 19, msomaji wa Netscape aliona mwaka wa 19100, na msomaji wa Internet Explorer aliona mwaka wa 192000. Dawa yake ilikwisha kuwapo: agizo jingine liitwalo getFullYear, lenye kujibu mwaka wote kwa tarakimu nne katika kila kivinjari. Aliyekuwa amelitumia hakuaibika siku hiyo.

SIRI YA SIFURI YA MBELE

Sasa turudi kwa mtoto wa Agosti. Karani alimwita fundi wa ofisi. Fundi hakusema kwamba simu ni mbovu, wala hakumtilia shaka mama. Alichukua karatasi, akaijaribu fomu kwa simu ile ile, mwezi baada ya mwezi, kuanzia 01 hadi 12, akiandika kila jibu. Miezi kumi ilikubaliwa. Miwili ilikataliwa: wa 08 na wa 09. Kisha akajaribu kuandika 8 peke yake, bila sifuri. Simu ikakubali.

Hapo fundi akajua pa kutazama. Skripti ya fomu ilitumia agizo liitwalo parseInt, ambalo kazi yake ni kugeuza maandishi kuwa namba. Tangu zamani, katika lugha kadhaa za kompyuta, namba iliyotanguliwa na sifuri husomwa kwa hesabu ya nane badala ya hesabu ya kumi. Katika hesabu ya nane tarakimu ni kuanzia 0 hadi 7 tu. Tarakimu 8 na 9 hazimo kabisa. Kwa hiyo kivinjari kilipokuta 08 kiliisoma sifuri, kikaikuta 8 ambayo hakiitambui, kikaishia hapo. Jibu likawa sifuri. Skripti ilipouliza kama mwezi uko kati ya 1 na 12, sifuri ikakataliwa. Miezi ya 01 hadi 07 haikudhurika, kwa sababu tarakimu hizo ni zile zile katika hesabu zote mbili. Mwezi wa 11 hauna sifuri mbele, nao ukapita.

Kanuni za Ecma za mwaka 1999 ziliviachia vivinjari hiari katika jambo hili. Kanuni za Desemba mwaka 2009 ziliondoa hiari hiyo, zikaagiza kwamba sifuri ya mbele isibadili hesabu. Vivinjari vikaanza kutii kimoja baada ya kingine, na hadi mwaka 2013 vile vikubwa vilikuwa vimekwisha kubadilika. Lakini simu iliyonunuliwa kabla ya hapo, ikakaa bila kupata programu mpya, iliendelea na usomaji wa zamani. Fundi aliyeandika fomu aliijaribu katika kompyuta mpya tu. Hakuona kosa lolote, kwa kuwa pale mezani pake halikuwapo.

Marekebisho yalikuwa madogo: kuongeza namba 10 ndani ya agizo, kuliambia wazi kwamba lisome kwa hesabu ya kumi. Tarakimu mbili zilimrudishia mtoto mwezi wake wa kuzaliwa.

SAA TATU ZINAZOPOTEA

Hitilafu ya namna hiyo iliwahi pia kuonekana katika saa. Fundi akiandika tarehe na saa bila kutaja ni saa ya mahali gani, kivinjari chaweza kuuliza: je, hii ni saa ya Greenwich, au ni saa ya hapa nilipo? Kanuni za mwaka 2009 zilielekea kwenye saa ya Greenwich. Kanuni za mwaka 2015 ziliagiza saa ya mahali alipo msomaji. Kwa kipindi fulani vivinjari viligawanyika, hiki kikifuata hili na kile kikifuata lile.

Kwa wakazi wa Kenya, Uganda na Tanzania, ambao saa zao zimetangulia za Greenwich kwa saa tatu, maana yake ni nzito. Miadi ya saa mbili asubuhi ilionekana katika kivinjari kimoja kuwa ya saa mbili, na katika kingine kuwa ya saa tano. Mgonjwa aliyefika saa tano aliambiwa kwamba amechelewa, naye aliapa kwamba amefika kwa wakati ulioandikwa. Wote wawili walikuwa wakisema kweli. Fundi mwangalifu huandika tarehe kamili kwa mpangilio wa kanuni, na kuitaja saa ya mahali bila kuacha nafasi ya kukisia.

JINA SI UTHIBITISHO

Palikuwa na njia moja ya mkato iliyowapendeza mafundi wengi: kukiuliza kivinjari jina lake, kisha kukipa maagizo kulingana na jina. Njia hiyo imeleta balaa nyingi. Kila polisi ajua kwamba vazi la kazi laweza kuvaliwa na asiye askari. Ndivyo ilivyo kwa vivinjari.

Zamani kurasa nyingine zilitoa mapambo yao kwa Netscape tu, ambayo ilijitambulisha kwa jina la Mozilla. Internet Explorer, ili isinyimwe, nayo ikajiita Mozilla. Waliokuja baadaye wakafuata mkumbo. Hata leo Chrome, Safari, Edge na Firefox, vyote huanza kujitambulisha kwa neno Mozilla. Mwaka 2009 toleo la 10 la Opera liliingia mashakani, kwa sababu skripti nyingi zilisoma tarakimu ya kwanza tu ya toleo, zikadhani ni Opera 1, zikalikataa kuwa limepitwa na wakati. Watengenezaji wake wakalazimika kuacha namba 9.80 mahali pale pa utambulisho. Mwaka 2022 Chrome na Firefox zilipofikia toleo la 100, watengenezaji walitangulia kufanya majaribio, wakihofia kurasa ambazo hazikutazamia tarakimu tatu.

Tena jina moja laweza kuficha mitambo miwili. Kwa miaka mingi kampuni ya Apple imeagiza kwamba vivinjari vyote katika simu zake za iPhone vitumie mtambo wake yenyewe wa kusomea kurasa, na agizo hilo lilianza kulegezwa mwaka 2024 katika nchi za Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo Chrome ya simu ya iPhone kwa kawaida si sawa kwa ndani na Chrome ya simu ya Android, ingawa alama yao ni moja.

Njia iliyo bora ni kuuliza uwezo, si jina. Skripti huuliza: je, unalijua agizo hili? Kivinjari kikilijua, hulitekeleza. Kisipolijua, hupewa njia nyingine iliyo rahisi zaidi. Kamanda mwenye busara hamwulizi askari alikotoka. Humwuliza kama ajua kuogelea kabla ya kumvusha mto.

SIMU NDOGO, MTAMBO WA MBALI

Wapo pia watu wa Afrika Mashariki waliokutana na tofauti ya aina ya pekee. Mwezi wa Januari mwaka 2006 kivinjari kiitwacho Opera Mini kilisambazwa ulimwenguni. Kilipendwa sana katika bara la Afrika kwa kuwa kilifanya kazi katika simu ndogo na kupunguza gharama za intaneti. Siri yake ni kwamba ukurasa hausomwi ndani ya simu. Husomwa kwanza na kompyuta kubwa za kampuni zilizo mbali, hufinywa, kisha hutumwa kwenye simu ukiwa mwepesi.

Faida hiyo ina gharama yake. Katika hali hiyo ya kubana matumizi, skripti hutekelezwa kule mbali, kwa sekunde chache tu, kisha husimamishwa. Ukurasa unaohesabu dakika zilizosalia hautasonga mbele. Fomu inayotaka kukagua kila herufi mtu anapoandika haitakagua, maana simu haina cha kukagulia. Mtumiaji hudhani kwamba tovuti imekufa. Fundi anayewajali watu wa simu ndogo huhakikisha kwamba fomu yake yaweza kutumwa hata skripti isipofanya kazi, na ukaguzi hufanywa tena na kompyuta ya ofisi inayoipokea.

UPELELEZI ULIO SAFI

Utatuzi wa hitilafu za namna hii hufanana na upelelezi. Kwanza, tukio lionekane tena. Hitilafu isiyoweza kurudiwa haiwezi kuthibitishwa kwamba imetibiwa. Kwa hiyo fundi huuliza: kivinjari gani, toleo gani, simu au kompyuta ya aina gani, na ni kitu gani hasa kilichoandikwa.

Pili, ushahidi usomwe. Katika kompyuta nyingi, kubonyeza kitufe cha F12 hufungua dirisha la mafundi, ambamo kivinjari huandika kosa lililotokea na mstari wa skripti lilipotokea. Wengi hukisia kwa saa nzima jambo ambalo limekwisha kuandikwa hapo.

Tatu, eneo la upekuzi lipunguzwe. Nusu ya skripti huondolewa kwa muda. Hitilafu ikiendelea, imo katika nusu iliyosalia. Ikitoweka, ilikuwa katika nusu iliyoondolewa. Kisha nusu hiyo nayo hugawanywa. Skripti ya mistari 1,000 hufikishwa kwenye mstari mmoja kwa hatua zipatazo 10. Mara nyingine kinachopatikana mwishoni ni alama moja tu. Koma iliyozidi mwishoni mwa orodha ilivumiliwa na Firefox, ilhali Internet Explorer 7 iliweza kuikataa skripti nzima kwa ajili ya koma hiyo.

Nne, kanuni zisomwe. Fundi asiulize tu ni kivinjari gani kilichokubali, bali ni kipi kilichofuata kanuni. Huenda kile kilichokubali ndicho kilichokosea, kwa kusamehe jambo lisilopaswa kusamehewa.

Tano, tiba ijaribiwe pote, si pale palipougua tu. Marekebisho yanayoponya simu moja na kuiumiza nyingine si tiba.

Hali ya leo imetengenea kuliko ilivyokuwa. Microsoft iliacha kuihudumia Internet Explorer 11 katika kompyuta nyingi mwezi wa Juni mwaka 2022. Mwaka huo huo Apple, Google, Microsoft na Mozilla, pamoja na wenzao, zilianza mpango wa pamoja wa kila mwaka uitwao Interop, wa kuchagua mambo ambayo vivinjari vinatofautiana na kuvipima kwa majaribio ya aina moja. Lakini simu za zamani zingali zikitumika majumbani, na mafundi wangali wanajaribu kazi zao katika kompyuta zao wenyewe. Kwa hiyo tofauti hazijakwisha.

MAMBO YA KUKUMBUKA NYUMBANI

Familia haihitaji kujua JavaScript ili kujisaidia. Ukurasa ukikataa jambo lililo kweli, kwanza someni upya mlichoandika, kwa maana mtu hukosea. Kama ni sahihi, jaribuni kivinjari cha pili katika simu hiyo hiyo, au simu ya jirani mnayemwamini, kisha futeni habari zenu baada ya kumaliza. Kama kivinjari kina hali ya kubana matumizi, izimeni kwa muda.

Sasisheni kivinjari mara kwa mara, lakini kwa kutumia duka la programu la simu yenyewe. Ukurasa wowote usiojulikana unaodai kwamba kivinjari chenu ni cha zamani, na kuwataka mpakue kitu hapo hapo, mwuepuke. Hiyo ni njia ya wezi.

Hitilafu ikiendelea, andikeni katika karatasi siku na saa, jina la kivinjari na toleo lake, maneno yaliyotokea, na kile mlichoandika. Pigeni picha ya kioo cha simu, mkihakikisha kwamba namba za siri hazionekani. Karatasi hiyo ina thamani kwa fundi kuliko malalamiko ya saa nzima.

Zaidi ya yote, msibadili ukweli ili kuiridhisha mashine. Msiongeze mwaka, msipunguze mwezi, msikate jina la ukoo kwa kuwa halikuenea. Mashine itarekebishwa kwa dakika chache siku atakapopatikana mtu wa kuitazama, lakini cheti kinachopingana na kadi humfuata mtu shuleni, kazini na hata katika mafao ya uzeeni.

Nao watumishi walio dirishani wana wajibu wao. Mwananchi akisema kwamba ukurasa umemkataa, jibu la kwanza lisiwe kwamba amekosea. Liwe: "Tafadhali nionyeshe." Karani wa mfano wetu alianza kwa kumdhania mama kosa, lakini alikubali kutazama. Kwa kutazama huko, watoto wote wa kikosi waliozaliwa Agosti na Septemba waliingia katika orodha kwa tarehe zao za kweli. Kabla ya Ijumaa mama yule alikuwa na fomu tatu zilizokamilika, na mumewe aliporudi kutoka mpakani, alikuta kadi tatu mezani, kila moja ikilingana na cheti chake.